Miwani ya mazoezi ya kuruka kwa vyombo: tathmini ya rubani wa ndege ndogo, Dodoma

Kifaa ninachokitathmini hapa ni miwani ya plastiki ambayo sehemu yake ya juu imefifishwa kwa rangi ya maziwa, ilhali sehemu ndogo ya chini imeachwa wazi. Rubani akiivaa haoni tena nje, si kwa kioo cha mbele wala kwa madirisha ya pembeni; anachobaki nacho ni vyombo, yaani vipimo vya ndege, vilivyo mbele ya magoti yake. Hutengenezwa na kampuni kadhaa, na tofauti kati ya toleo moja na jingine ni ndogo kiasi kwamba niliyoyaona kwangu yanaweza kuzihusu zote. Inakotengenezwa huuzwa kwa bei isiyozidi dola 50, na sisi huku hulazimika kuiagiza mtandaoni au kumwomba mtu anayesafiri. Katika mkoba wangu wa safari hakuna kifaa kingine cha bei hiyo chenye uhusiano wa karibu hivi na ajali ninayoihofia kuliko zote, nayo ni ile ya ndege ndogo inayoongozwa kwa macho, ikaingia katika wingu, mvua au ukungu, na rubani wake akashindwa kujua lipi ni juu na lipi ni chini.

Kwa msomaji asiye rubani, inafaa nieleze kwanza kwamba safari nyingi za ndege ndogo katika mikoa hii ya kati hufanywa kwa kuona. Rubani huiweka ndege sawa kwa kuutazama upeo wa macho, huukwepa mlima kwa sababu anauona, na huujua mji kwa reli au barabara inayouingia. Kanuni za kimataifa huruhusu hilo, chini ya futi 10,000, endapo anaona umbali wa angalau kilomita 5, na yuko mita 1,500 kando ya wingu na futi 1,000 juu au chini yake. Karibu na ardhi, katika anga isiyoongozwa na mnara, masharti hulegezwa: chini ya futi 3,000 kutoka usawa wa bahari, au chini ya futi 1,000 kutoka ardhini, kutegemea kipi kiko juu zaidi, anatakiwa awe nje ya wingu na aendelee kuiona ardhi. Kwetu Dodoma futi hizo 3,000 zimo ndani ya udongo, kwa kuwa uwanja wenyewe uko zaidi ya futi 3,600 juu ya usawa wa bahari. Kinachotubakia ni zile futi 1,000 za kutoka ardhini, na anayeelekea mashariki hukuta ardhi hiyo ikiinuka mpaka vilele vya Rubeho na Ukaguru vinavyopita futi 7,000. Rubani anayejibana chini ya wingu akitafuta njia ya kwenda Morogoro anabanwa na paa linaloshuka na sakafu inayopanda.

Akishaingia ndani ya wingu, mwili wake wenyewe humgeuka. Ndani ya sikio mna mifereji mitatu yenye umajimaji ambao hutuarifu kwamba kichwa kinageuka, lakini taarifa hiyo ina mipaka. Ndege ikigeuka polepole mno, chini ya nyuzi 2 hivi kwa sekunde, sikio halihisi kitu. Ikigeuka kwa mwendo usiobadilika kwa sekunde 20 hivi, umajimaji nao hushika mwendo uleule, na hisia ya kugeuka hutoweka ingawa bawa bado limelala. Rubani akiinyoosha ndege wakati huo huhisi kwamba anageukia upande wa pili, naye huirudisha katika mgeuko alioutoka huku akiwa na hakika kamili kwamba sasa ndiyo imenyooka. Bawa likilala, pua hushuka na kasi hupanda. Masikio yanasikia upepo ukizidi, mkono unavuta usukani ili kuinua pua, na kuvuta usukani wakati bawa limelala hukaza mzunguko badala ya kuinua ndege. Hivyo ndivyo mtu mwenye akili timamu, mwenye ndege nzima na mafuta ya kutosha, anavyoshuka kwa mzunguko hadi ardhini. Takwimu za Marekani, ambako ndege ndogo ni nyingi na kila ajali huandikiwa ripoti, zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba zaidi ya theluthi mbili ya ajali za aina hii huua, kiwango kilicho juu sana kuliko cha ajali za ndege ndogo kwa ujumla.

Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois waliwachukua watu 20 ambao hawakuwa na ujuzi wa kuruka kwa vyombo, wakawaweka katika hali iliyoigiza kutoona nje. Wote 20 walipoteza udhibiti wa ndege. 19 waliingia katika mzunguko wa kushuka, na mmoja aliinua pua mpaka mabawa yakashindwa kuibeba ndege. Aliyeshindwa mapema zaidi alifikisha sekunde 20, aliyevumilia zaidi sekunde 480, na wastani ulikuwa sekunde 178. Marubani wengi wanaikumbuka namba hiyo, lakini wachache wanaikumbuka nusu ya pili ya utafiti, ambayo kwangu ndiyo yenye faida: baada ya mafunzo mafupi ya kugeuza ndege nyuzi 180 kwa kutazama vyombo pekee, karibu wote waliweza kujitoa. Mgeuko wa kawaida ni wa nyuzi 3 kwa sekunde, kwa hiyo kurudi ulikotoka huchukua sekunde 60. Kati ya 60 na 178 kuna nafasi ya kuishi, nayo hupatikana kwa mazoezi ya kifaa kama hiki.

Miwani yangu nimeitumia katika ndege ya injini moja na viti vinne, mwalimu akiwa kiti cha kulia, mara nyingi asubuhi na mapema kabla jua halijaipasha moto ardhi na kuanza kuirusharusha ndege. Tambarare ya kuelekea Chamwino na Hombolo inafaa sana kwa kazi hii, kwa sababu vilima vyake si vingi na mwalimu ana nafasi ya kutazama nje bila wasiwasi. Kwa kazi ya msingi inayokusudiwa, yaani kuyalazimisha macho yazunguke kati ya upeo bandia (chombo kinachoonyesha kama ndege imenyooka au imelala), kipimo cha mwinuko, kipimo cha kasi na dira, miwani hii inafanya vizuri kabisa. Dakika za mwanzo huwa ngumu kwa yeyote: jicho hung'ang'ania chombo kimoja, na chombo kingine huteleza. Likishazoea kuurudia upeo bandia baada ya kila chombo, mkono hutulia na ndege hutulia. Nilichokithamini zaidi ni kwamba hisia za uongo za sikio hujitokeza kweli. Mwalimu akikwambia ufumbe macho, akailaza ndege polepole, kisha akakwambia uichukue, unayafumbua ukiwa na uhakika kwamba mmenyooka na kukuta upeo bandia umelala nyuzi 40. Hakuna maelezo ya darasani yanayoweza kumshawishi mtu kama jambo hilo.

Kasoro ndogo ni za kuvumilika. Mikono ya miwani hupita chini ya visikizio vya redio na kuacha upenyo unaoingiza kelele ya injini, na toleo lenye mikono minene linachosha baada ya nusu saa. Wanaovaa miwani ya macho watapata shida kidogo, kwani kuivaa juu ya nyingine huishusha sehemu ya wazi na kuficha vyombo vya safu ya juu. Vumbi la Dodoma nalo lina ukali wake: ukiifuta kwa kitambaa kikavu inachunika haraka, na sehemu ya wazi iliyochunika humfanya mtu ainamishe kichwa, jambo ambalo lenyewe huchochea kizunguzungu.

Kasoro ya kati ni mwanga. Jua letu la asubuhi huingia kwa pembeni likiwa chini, na nguzo ya dirisha hutupa kivuli juu ya vyombo. Ndege ikigeuka, kivuli kinatembea, na rubani anajua anageuka bila kusoma chombo chochote. Tena ukiinua kidevu kidogo tu unaona kipande cha ardhi kwa pembe ya chini ya kioo. Hilo hutokea hata pasipo nia ya kudanganya, kwa kuwa jicho lina njaa ya upeo. Ndani ya wingu halisi hakuna kivuli wala pembe ya kuchungulia; kuna weupe usio na mwisho pande zote, mtikisiko, kelele ya mvua kwenye kioo, na redio inayokuuliza uko wapi. Rubani aliyefanya vizuri chini ya miwani siku ya jua kali asidhani kwamba ameshaionja hali hiyo.

Lakini kasoro kubwa, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike tathmini hii, ni kwamba miwani huvaliwa mara moja, kwa makubaliano, na mtu aliyejiandaa. Hali mbaya ya hewa haiji hivyo. Katika msimu wetu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, inakuja kwa hatua ambazo kila moja peke yake inavumilika. Kwanza vilima vya mbali vinapoteza ncha zake. Kisha wingu linakushusha futi 300, nawe unasema si mbaya. Halafu unakuta kwamba ardhi unaiona wima chini yako tu, na mbele mstari kati ya mbingu na nchi umefutika, lakini kuna sehemu yenye mwanga kidogo nawe unaamini kwamba baada ya hapo kuna uwazi. Wengi waliokufa kwa ajali hii walipita hatua zote hizo wakiwa na nafasi ya kugeuka katika kila moja. Ujuzi wa kusoma vyombo unahitajika baada ya hatua ya mwisho. Uamuzi ulihitajika katika hatua ya kwanza, na juu ya uamuzi miwani haifundishi neno.

Kiangazi nacho kina hatari yake, hata pasipo tone la mvua. Mwezi Septemba na Oktoba, vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa hutandaza rangi moja juu ya Manyoni na Bahi, na inawezekana kabisa kuwa na umbali wa kuona unaotosheleza kanuni huku upeo wa macho haupo. Ajali ya John F. Kennedy Jr. ya tarehe 16 Julai 1999 ilikuwa ya namna hiyo. Alikuwa akirusha ndege ya injini moja usiku, juu ya bahari, hewa ikiwa na utusitusi, na wachunguzi walihitimisha kwamba alipoteza udhibiti baada ya kupoteza mwelekeo. Watu wote 3 waliokuwamo walikufa. Hakukuwa na dhoruba.

Isitoshe, kuwa na sifa, yaani idhini rasmi, ya kuruka kwa vyombo hakumkingi mtu asiyeamua mapema. Helikopta iliyomuua mchezaji wa mpira wa kikapu Kobe Bryant na wengine 8 karibu na Los Angeles tarehe 26 Januari 2020 iliongozwa na rubani mwenye sifa hiyo, aliyekuwa pia mwalimu. Safari ilikuwa ya kuona, na wachunguzi waliona kwamba chanzo ni uamuzi wake wa kuendelea kuingia katika mawingu. Katika mawasiliano yake ya mwisho aliwaambia waongoza ndege kwamba anapanda, wakati helikopta ilikuwa ikigeuka kushoto na kushuka. Kila nisomapo ripoti hiyo huona kwamba rubani huyo alikuwa na karibu kila kitu ambacho miwani hii inaweza kumpa mtu.

Kuna pia hatari ambayo mazoezi juu ya tambarare yanaificha kabisa, nayo ni mlima. Ukiwa umevaa miwani juu ya Hombolo unaweza kushika mwinuko na dira kwa usahihi wa kupendeza, na ukajisifu, kwa sababu mbele yako hakuna jiwe. Ungefanya hivyohivyo upande wa Rubeho, usahihi huo ungekufikisha kwenye mwamba ukiwa umenyooka. Tarehe 5 Juni 2018 ndege aina ya Cessna Caravan iliyokuwa ikitoka Kitale kwenda Nairobi iligonga milima ya Aberdare, na watu wote 10 waliokuwamo walifariki. Anayejifunza kwa miwani apewe pamoja nayo somo la ramani: mwinuko salama wa kila kipande cha njia uandikwe kwenye karatasi kabla ya kuwasha injini, na ujulikane ni upande gani wa kugeukia usio na mlima. Wazo la kwamba mtu atapanda tu apite juu ya mawingu halifai katika ndege zetu. Kwa joto la Dodoma na mwinuko wa uwanja, ndege ya viti vinne iliyojaa hupanda kwa shida, na dari yake ya futi 13,000 au 14,000 si kitu mbele ya wingu la radi linalopita futi 40,000.

Mwalimu ninayeruka naye ameipatia miwani hii matumizi ambayo hayamo katika karatasi ya maelezo, na kwa maoni yangu ndiyo yanayoipa thamani yake halisi. Tunaruka bila kuivaa, ikiwa juu ya paja langu. Yeye anaigiza hali ya hewa kwa maneno: sasa unaona kilomita 10, sasa 8, na wingu limeshuka, sasa 5. Ninatakiwa kutamka uamuzi kwa sauti kabla hajafika mahali fulani anapopajua yeye mwenyewe. Nikichelewa huniambia, "Nimeshakupa kilomita 3, kaka. Uamuzi wako ni upi?" na hapo ndipo miwani inavaliwa, nami nageuza ndege nyuzi 180 kwa vyombo nikiwa na saa inayohesabu sekunde. Kwa mpango huo, zoezi lililofanikiwa ni lile ambalo miwani haikuvaliwa kabisa. Nimeona marubani wenye saa nyingi kuliko mimi wakihangaika na sehemu hiyo ya maneno kuliko sehemu ya vyombo, hasa mwalimu anapoongeza abiria wa kubuni mwenye kikao saa nne asubuhi.

Abiria huyo wa kubuni tunamjua vizuri. Dodoma ni mji wa vikao, na anayekodi ndege ndogo amekodi muda. Sijapata kukutana na abiria aliyetaka kuhatarisha maisha yake; nimekutana na wengi ambao swali lao la mara kwa mara, "Kapteni, tunaondoka lini?", liliongeza uzito katika mzani ambao tayari ulikuwa umeinama. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa viwanja vikubwa husaidia, na kwa viwanja vya vijijini tunapiga simu na kuuliza kama kilima fulani kinaonekana, lakini mwisho ni mtu mmoja anayeamua, naye huamua vizuri zaidi akiwa amekwisha kutamka maneno ya kukataa mara nyingi kabla ya siku yenyewe.

Kuhusu mbadala, lipo kofia lenye ukingo mrefu wa mbele, ambalo ni la zamani zaidi. Linazuia kuchungulia vizuri kuliko miwani na linafaa kwa wavaaji wa miwani ya macho, lakini linabana kichwa juu ya visikizio na linamficha mwanafunzi asione hata kiti cha mwalimu, jambo linalomlazimu kugeuza shingo kila anapotafuta swichi. Lipo pia toleo la kisasa lenye utando unaofifia kwa umeme, ambalo mwalimu huliongoza mwenyewe na kulififisha kidogo kidogo mpaka mwanafunzi haoni nje. Hilo linajibu moja kwa moja lawama yangu kubwa, kwa kuwa linaigiza jinsi hewa inavyofunga. Bei yake ni mara nyingi ya miwani ya kawaida, kwa hiyo ningelipendekeza kwa shule za urubani na kampuni zenye marubani kadhaa, si kwa mtu mmoja.

Kwa jumla naipa miwani hii nyota 4 kati ya 5 kwa yule aliye na mwalimu, na nyota 2 kwa anayedhani ataitumia na rafiki ili kujihakikishia kwamba anaweza kupita katika wingu. Marekani humtaka mwanafunzi wa leseni binafsi awe na angalau saa 3 za mafunzo ya vyombo, na saa hizo ni za kujiokoa, hazimruhusu kupanga safari ndani ya wingu. Sifa kamili ya vyombo, kwa viwango vya kimataifa, hudai saa 40. Anayenunua achague toleo lenye mikono myembamba, ajaribu kwanza kama sehemu ya wazi inaonyesha safu zote mbili za vyombo vya ndege yake, na aioshe kwa maji kabla ya kuifuta. Asiivae kamwe bila rubani mwingine mwenye leseni, kiti cha pili chenye usukani, na macho yanayotazama nje muda wote. Pesa itakayobaki ailipie saa moja na mwalimu katika mwezi wa Januari, siku ambayo wingu limelala juu ya Rubeho na Dodoma pako wazi, waende mpaka pale mstari wa upeo unapoanza kufutika, waangalie kwa dakika chache jinsi hali hiyo inavyoonekana kwa macho, kisha wageuze ndege wakiwa bado wanaona uwanja wa kurudia.